Aliandika riwaya miaka saba, sasa anaikata kwa wembe

Saa moja na nusu asubuhi, Phylis Naliaka ameketi kwenye kigoda mbele ya kibanda chake mtaani Noonkopir, Kitengela, na anakata jalada la kitabu alichokiandika mwenyewe.

Anatumia nusu ya wembe iliyofungwa kitambaa upande mmoja. Anaupitisha mgongoni mwa kitabu mara moja, anavuta, na jalada linatoka zima. Jalada linaingia gunia moja, kurasa zinaingia gunia jingine. Kisha anachukua kitabu kingine.

Jirani yake, Ciku, anayekaanga mandazi hatua tatu kutoka hapo, amezoea kumwona.

"Mama Elsie, leo umechinja wangapi?"

"Kumi na wawili."

"Si ungeniachia hata mmoja nifungie watu mandazi?"

"Hapana, Ciku. Hata wa kufungia mandazi sikupi."

Ciku anacheka. Naliaka hacheki. Hajakata hata robo ya kazi.

Kila jalada lina jina la mwanamke kwa herufi kubwa nyekundu. Ndilo jina la riwaya. Ndani, katika kurasa 218, jina hilo limetajwa mara 412. Shirleen, msichana wa saiba, duka la kompyuta, aliyeuchapa mswada, ndiye aliyepata hesabu hiyo kwa kompyuta. Mwenye jina alifariki mwaka 2017, na familia yake, ambayo ni ya Wamaasai wa upande wa Mashuuru, haitamki jina la mtu wao aliyekufa.

Naliaka hakujua. Alipokuja kujua, nakala 300 zilikuwa zimeshatoka kwa mpiga chapa.

"Ningeweka jina lingine lolote, leo ningekuwa mwandishi," anasema. "Niliweka hilo."

Jina lenyewe halitaandikwa katika makala haya. Familia imeomba hivyo. Hapa marehemu ataitwa Mama Koinet, kama watu wote wa Kitengela walivyomwita akiwa hai.

Naliaka ana miaka 58. Alizaliwa Kimilili, kaunti ya Bungoma, akaishia darasa la saba. Mwaka 2001 alikuja Athi River na binti yake Elsie, aliyekuwa na miaka mitano, baada ya mumewe kuondoka na asirudi. Alipata kazi katika kiwanda cha nguo, akilipwa Sh3,900 kwa mwezi.

"Kazi yangu ilikuwa mfuko wa nyuma wa kulia," anasema. "Wa kushoto ulikuwa wa mtu mwingine. Miaka tisa nilishona mfuko wa kulia. Sikuwahi kushona suruali nzima."

Kuzungumza kwenye mashine kulikatazwa. Ndipo alipoanza kutunga watu kichwani, anasema, kwa sababu mikono ilikuwa na kazi na kichwa hakikuwa nayo. Wakati wa chakula aliwaandika nyuma ya vikaratasi vilivyofungwa kwenye mafurushi ya nguo kuonyesha idadi na saizi. Bado anavyo, vimejaa kopo la unga wa uji. Karatasi moja inasema: "Mwanamke anaosha sufuria ambayo haina uchafu." Nyingine: "Ameenda kwa shangazi. Shangazi hajafurahi."

Kiwanda kilifungwa mwaka 2010. Naliaka akawa mpishi katika shule ya bweni huko Isinya. Maharagwe yakiwa jikoni aliazima vitabu vya hadithi kutoka kabati la shule, akavisoma vyote.

"Hapo ndipo nilijua kitabu huandikwa na mtu," anasema. "Mimi nilikuwa nadhani vinatoka kwa serikali."

Mwaka 2013 aliacha upishi, akanunua friji kuukuu, akafungua kibanda cha maziwa hapa Noonkopir. Maziwa yalitoka Mashuuru kwa pikapu, kila siku kabla ya jua kuwa kali. Pikapu ilileta mitungi pamoja na wenye mitungi, na kwa kuwa haikurudi hadi saa sita, wanawake hao walikuwa na saa nne za kukaa mjini bila kazi. Wengine walienda sokoni. Mama Koinet alikaa kwenye benchi ya Naliaka.

Kiswahili cha Mama Koinet kilikuwa cha kuombea maji. Kimaasai cha Naliaka hakikufika hata hapo. Hata hivyo walielewana vya kutosha kuchekana.

"Alikuwa ananiambia, 'Wewe mwanamke wa Bungoma, mbona kila kitu nasema unaandika? Wewe ni polisi?'" Naliaka anakumbuka. "Nikamwambia mimi si polisi. Akasema, 'Basi andika poa. Usiandike nilikuwa mrembo. Andika niko na miguu mrefu na sipendi mjinga.'"

Kwa miaka minne Mama Koinet alimsimulia maisha yake kwenye benchi hiyo: alivyoolewa, watoto aliozika, na safari ya mwaka 2009, mwaka wa ukame mkali. Mwaka huo, kwa maelezo yake, mumewe alikuwa amelala hoi kwa malaria. Yeye akachukua fimbo, akaswaga ng'ombe waliobaki hadi vilima vya Chyulu, akakaa huko miezi mitatu, na akarudi na wachache waliokuwa wazima. Hiyo ndiyo hadithi ya riwaya.

Siku moja mwaka 2016 Naliaka alimuuliza jina lake halisi.

"Alicheka mpaka akashika mbavu. Kisha akaniambia. Akasema tangu mama yake afe hakuna mtu amemwita hivyo. Mimi nikaona hiyo ni kuonewa. Mtu ako na jina zuri namna hiyo, na dunia yote inamwita kwa jina la kijana yake."

Mama Koinet alikufa Oktoba mwaka uliofuata, kwa ugonjwa wa moyo. Naliaka alienda mazikoni. Bomani aliona jambo ambalo hakulitilia maanani. Msichana mmoja wa ukoo huo, aliyekuwa na jina lile lile la marehemu, sasa aliitwa jina jingine.

"Nilidhani amebatizwa," anasema. "Nikampongeza."

Kuna jambo moja ambalo Naliaka hulieleza kila akiulizwa kwa nini alifanya alichofanya. Hulieleza taratibu, kama mtu aliyelieleza mara nyingi na hakueleweka.

"Kwetu, mtoto mchanga akilia na akatae kunyamaza, wazee wanamtajia majina ya waliokufa. Mmoja baada ya mwingine. Wakifika kwa jina lenyewe, ananyamaza, na anaitwa hilo. Mtu ambaye hakuna mtoto ameitwa jina lake, huyo ndiye amekufa kabisa. Elsie hajazaa. Sina mjukuu wa kumpa Mama Koinet. Kwa hivyo nikampa kitabu."

Aliandika kuanzia wiki ile ya mazishi. Aliandika kama alivyofunzwa kiwandani, kipande kwa kipande. Kila tukio lilikuwa na karatasi zake, na alipotosheka nalo alilishona pembeni kwa uzi wa jeans. Vipande vilipofika sitini na tatu alivipanga sakafuni, akavihamisha huku na huko kwa wiki mbili, kisha akavishona vyote pamoja. Wachapishaji wawili hawakumjibu. Wa tatu alimwambia kwamba hadithi ya mama wa maziwa haiwezi kununuliwa na shule.

Mwaka jana, mwezi wa tano, aliuza friji na cherehani yake, akaongeza akiba aliyokuwa nayo, akalipa Sh102,000 kuchapisha kitabu mwenyewe. Mpango wake ulikuwa rahisi. Vitabu mia moja vikishanunuliwa, angenunua friji nyingine.

Hakufanya jambo hilo kwa siri. Alimpigia simu Koinet, kijana wa marehemu, anayeuza vifaa vya ujenzi katika duka mjini Kajiado. Koinet, mwenye miaka 33, hakatai.

"Mimi nilimwambia, 'Mama Elsie, andika tu.' Hilo siwezi kuruka," anasema. "Nilijua ataandika 'Mama Koinet' vile watu wote walikuwa wanasema. Hakuniuliza mambo ya jina, na mimi sikumuuliza. Siku hizi si kila boma bado inafuata hiyo kitu. Wengi wameacha. Baba yangu hajaacha. Tulikosea sisi wawili, lakini aliyeumia ni yeye peke yake."

Agosti, Naliaka alipanda pikapu ya maziwa kwenda Mashuuru. Alibeba vitabu kumi katika karatasi ya zawadi, sukari, majani chai, na blanketi la mzee Saning'o, mume wa marehemu. Alipokelewa vizuri. Watu kama ishirini walikusanyika. Chai ilipomiminwa, alisimama kusoma ukurasa wa kwanza.

Sentensi ya kwanza ya riwaya ilikuwa lile jina peke yake, na nukta.

"Nilisoma kwa sauti, kama mtu amesimama kanisani," anasema. "Nikasoma mstari wa pili, ulikuwa na jina tena. Wa tatu pia. Nikaona wamama wameangalia chini. Nikadhani wanalia. Nikaongeza sauti."

Mmoja wa wanawake aliwashika watoto mikono akawatoa nje. Mzee Saning'o aliinuka, akachukua fimbo yake, akasema maneno machache kwa Kimaasai. Naliaka alimgeukia Koinet amtafsirie. Koinet hakutaka. Alipomsihi, akamwambia.

"Amesema, 'Umemwita. Sasa nani atamrudisha?'"

Mzee alitoka kuelekea kwa ng'ombe, hakurudi hadi mgeni alipoondoka. Chai yake ilibaki kikombeni. Blanketi lilibaki kwenye kiti.

Siku tatu baadaye pikapu ilifika Noonkopir bila mitungi ya boma hilo, lililokuwa likimpa Naliaka maziwa yake yote. Haijawahi kuileta tena.

Naliaka alijaribu njia zote alizozijua. Kwanza alinunua kalamu nene ya wino mweusi ili afute jina. Kitabu kimoja kilimchukua siku mbili. Wino ulipenya hadi ukurasa wa nyuma, na ukiinua karatasi kwenye mwanga bado ulisoma kila herufi.

"Na ukifuta jina mara mia nne, msomaji anaanza kulitafuta," anasema. "Linaonekana kuliko mwanzo."

Mfanyabiashara mmoja wa vitabu jijini Nairobi alipata habari za ugomvi huo, akaona hapo kuna pesa. Aliagiza nakala themanini. Naliaka alikataa, na hapo ndipo alipokosana na binti yake.

Elsie, mwenye miaka 29, ni karani na anaishi Laiser Hill. Huja kumwona mama yake Jumapili. Jumapili moja ya mwezi wa pili waliongea hivi, na wote wawili wanakubaliana kwamba ndivyo ilivyokuwa.

"Mama, hujaiba kitu ya mtu. Uza."

"Siuzi."

"Unaogopa laana?"

"Laana siogopi. Naogopa kukutana na huyo mzee barabarani."

"Mara ya mwisho umekutana na yeye barabarani ni lini? Hata Kitengela haji!"

"Hata asipokuja."

Elsie anasema amechoka. "Mtu anauza friji yake, halafu anakata kile amenunua na pesa ya friji. Ukiniuliza, huyo mzee alikasirika siku moja akasahau. Mama ndiye anakasirika kila siku kwa niaba yake."

Badala ya kuuza, Naliaka alianza kuvirudisha hata vile vilivyokuwa vimetoka. Nakala arobaini na moja zilikuwa zimeshanunuliwa au kupewa watu. Alienda mlango kwa mlango, Kitengela, Isinya hadi Kajiado mjini, akirudisha pesa na kuomba kitabu. Amepata kumi na saba. Watu kadhaa walikuwa wamevipoteza. Mmoja alikuwa amekiweka chini ya mguu wa meza, na alikitoa akiona haya.

Mjini Kajiado alimfuata mwalimu mmoja wa sekondari, Ondiek, aliyekuwa amenunua nakala mbili. Ondiek alimkaribisha, akamsikiliza mpaka mwisho, akaleta nakala moja.

"Hii nyingine hutaipata, mama," alimwambia. "Nimeisoma mara mbili. Nitaificha, sitamwonyesha mtu, lakini siitoi."

Hakuna mtu mwingine aliyewahi kumsifu kwa kitabu hicho. Naliaka anasema alishuka ngazi za nyumba ile akilia na hakujua analilia upande upi.

Zimebaki nakala 276, zote ndani ya chumba chake. Chumba ni kimoja, kodi yake ni Sh4,500 kwa mwezi. Maboksi yamepangwa kuanzia mlangoni hadi kitandani, na jiko limehamia dirishani. Kibanda cha maziwa hakina maziwa. Siku tatu kwa wiki Naliaka hufua nguo katika majumba ya kupanga ya wafanyakazi wanaoamka kwenda kazini Nairobi, akipata Sh500 siku ikiwa nzuri. Vidole vyake vimechubuka kwa sabuni, na anasema jioni hushika kalamu kwa shida.

Wiki mbili zilizopita, siku ya Jumamosi, alirudi Mashuuru. Safari hii hakubeba kitu. Koinet alimsindikiza, pamoja na mwandishi wa makala haya.

Saning'o ana miaka 75 sasa. Alikuwa ameketi nje ya nyumba ya bati akimtazama ndama mgonjwa. Hakuinuka, lakini alimsalimu.

"Takwenya."

"Iko," Naliaka aliitikia.

Walikaa. Hakuna aliyeleta chai. Baadaye mzee akauliza, kwa Kiswahili, kama mtu anayeuliza bei ya kitu ambacho hana nia ya kununua:

"Hiyo karatasi yako yote, uliandika nini?"

Naliaka hakuwa na kitabu. Akamsimulia riwaya nzima kwa mdomo, kwa muda wa saa moja na zaidi, bila kutaja jina. Alisema "yeye." Alisema "mama." Mahali pengine alinyamaza tu na kuendelea. Alipofika mwaka 2009, akasema mume wa mwanamke huyo alikuwa ameshikwa na malaria, Saning'o alimkatiza kwa fimbo, akigonga chini mara moja.

"Nani amekuambia malaria?"

"Yeye mwenyewe, mzee."

"Alisema hivyo?"

"Alisema hivyo miaka minne, mzee. Hakuwahi kubadilisha."

Saning'o aliilaza fimbo magotini. Kisha akaongea na kijana wake kwa Kimaasai, na Koinet, ambaye ni wazi alikuwa akisikia jambo hilo kwa mara ya kwanza, alitafsiri akitazama chini.

"Anasema hakuwa mgonjwa. Anasema alikuwa anakunywa. Ng'ombe walikuwa wanakufa na yeye alikuwa kwa kilabu Mashuuru, miezi yote hiyo. Mama aliambia watu wote ni malaria. Aliambia hata sisi."

Mzee aliulizwa kama jambo hilo linaweza kuandikwa gazetini. Alijibu bila kufikiri. "Hiyo ni yangu. Andika. Jina si yangu."

Naliaka anasema pale pale alijua kitabu chake kimekufa mara ya pili. Hadi siku hiyo alikuwa na tumaini moja dogo. Shirleen wa saiba alikuwa amemwambia kwamba kubadilisha jina kwenye kompyuta ni jambo la kubonyeza tu, dakika moja, na akipata pesa ya kuchapisha upya atakuwa na kitabu safi.

"Sasa hata tukibonyeza, ndani ni uongo," anasema. "Kitabu chote kimesimama juu ya ile malaria. Nimeandika mwanamke ambaye mume wake ni mgonjwa. Yule mwenyewe alikuwa mwanamke anaficha aibu ya mume wake huko Chyulu, peke yake, na akaja akaificha kwa benchi yangu miaka minne. Sikumjua. Niliandika kurasa mia mbili na sikumjua."

Kabla ya kuondoka aliuliza alichokuja kuuliza.

"Mzee, nikiweka jina lingine?"

"La nani? Hilo pia ni la mtu."

"Na nikiandika bila jina?"

Saning'o alimpapasa ndama shingoni.

"Hivyo vya kwanza sitaki viwe mahali popote," alisema mwishowe. "Ukiandika kingine, njoo uniambie kwanza, vile umeniambia leo. Nikisikia nitasema. Sijakubali. Nimesema nitasikia."

Ndiyo maana anakata majalada. Mnunuzi wa karatasi kuukuu amekubali kuchukua nakala zote kwa mkokoteni siku ya Ijumaa na kuzipeleka zikasagwe. Hulipa kwa kilo, na majalada huyatenga kwa sababu yana plastiki. Naliaka anayakata mwenyewe ili mtu yeyote asisome jina hilo njiani. Alimwomba mwenye mkokoteni naye asifungue kurasa.

"Mama, usijali," mtu huyo alimwambia. "Mimi sisomi. Mimi hupima."

Elsie amesema Ijumaa hatakuja. Hataki kuona.

Mchana Naliaka anasimamisha kazi, anafunga gunia kwa kamba, anakunja wembe ndani ya kitambaa chake. Amekata sitini na nane leo. Ciku anamletea chai na mandazi mawili na hamtanii tena. Anaketi naye hadi kikombe kiishe, anakichukua, anarudi kwenye karai lake la mafuta.

Juu ya kaunta ambako palikuwa na mzani wa maziwa kuna daftari la kurasa 200. Tangu arudi Mashuuru, Naliaka ameandika kurasa kumi na moja. Hazina jina lolote la mtu. Anasema ni kazi ngumu kuliko ile ya kwanza, kwa sababu sentensi nyingi alizozoea zilianzia kwenye jina, na sasa hajui zianzie wapi. Amefuta zaidi ya alichobakiza. Hana uhakika kama kilichobaki ni kizuri. Hana mtu wa kumuuliza.

Kitabu cha kwanza kilimchukua miaka saba, wakati akiwa na friji, maziwa ya kuuza na vidole vizima. Akienda kwa mwendo ule ule, atakimaliza hiki akiwa na miaka 65. Saning'o atakuwa na 82, na miezi hii mzee amekuwa akikohoa.

Naliaka amelipigia hesabu hilo.

"Sitafuti duka tena, na sitafuti wa kuchapisha," anasema. "Msomaji wangu sasa ni mmoja tu, na hajui kusoma. Inabidi niwe hai nimsomee, na yeye awe hai anisikilize. Na akishasikia, bado anaweza kusema hapana."